Kitendo kimoja kwa menyu na upau wa zana

Nikipewa programu ya kompyuta niikague, kabla sijagusa msimbo huifungua na kutazama amri ya Hifadhi mahali patatu: kwenye menyu, kwenye upau wa zana na kwenye kibodi. Mara nyingi ile ya menyu imefifia kwa kuwa hakuna cha kuhifadhi, kumbe kitufe cha juu bado kinabofyeka. Basi najua kazi ileile imeandikwa mara mbili, kila upande na sharti lake.

Maktaba nyingi za kutengenezea madirisha zilishalitatua hili zamani. Swing ya Java ina Action, Qt ya C++ ina QAction, Delphi ina TAction. Jina, ikoni, maelezo mafupi, njia ya mkato, hali ya kuwashwa au kuzimwa na kazi yenyewe vyote hukaa ndani ya kitu kimoja, yaani kitendo. Menyu na kitufe ni sura zake tu. Ukiita setEnabled(false), methodi ya kukizima kitendo, mara moja, kila sura hufifia yenyewe. Katika Swing, kitendo chenye ikoni ukikiongeza kwenye JToolBar, yaani upau wa zana wake, kitufe huficha maandishi bila kuombwa, huku menyu ikibaki na maandishi yake.

Swali gumu ni nani aite setEnabled. Nimeona programu zinazoiita kila kona: baada ya kufungua faili, baada ya kubandika, ndani ya kidirisha fulani cha mipangilio. Baada ya muda hakuna anayejua kwa nini Tendua imezimwa. Ushauri wangu: andika methodi moja, iite sasishaVitendo, inayouliza waraka wenyewe. Umebadilishwa? Kuna kilichochaguliwa? Kuna cha kutendua? Kisha ipange vitendo vyote kwa mkupuo. Iite waraka unapobadilika na uteuzi unapohama. Ndiyo, itaweka thamani zilezile mara nyingi bila sababu. Gharama yake huisikii.

Njia za mkato nazo zina mitego. Katika Swing, ACCELERATOR_KEY, thamani ya kitendo inayobeba njia ya mkato, husomwa na kipengele cha menyu, si na kitufe cha kawaida, JButton. Kitendo kikikaa kwenye upau wa zana peke yake, Ctrl+S haitafanya kitu mpaka ukisajili kitendo hicho mwenyewe kwenye InputMap na ActionMap, majedwali yanayounganisha vibonye na kazi. Qt ina kisa kingine: ukiunda QAction mbili, moja ya menyu na nyingine ya upau, zote na Ctrl+S ndani ya dirisha moja, Qt huona utata na hakuna inayotekelezwa. Unaachiwa onyo tu kwenye konsoli, na wengi hawaitazami konsoli.

Vitendo vya kuwasha na kuzima, kama Onyesha Rula, vinahitaji uangalifu zaidi. Swing ilipata SELECTED_KEY, thamani inayosema kama kitendo kimewashwa, katika Java 6, lakini usipoipa thamani tangu mwanzo, vipengele huipuuza na alama ya menyu huenda njia yake, kitufe njia yake. Kwa Qt, weka setCheckable(true), kisha chagua kwa makini ishara, yaani taarifa ambayo kitendo hutoa: setChecked ikibadilisha hali kutoka kwenye msimbo hutoa toggled (hali imebadilika), haitoi triggered (kitendo kimetekelezwa, mfano kwa kubofywa). Kinachotakiwa kufuata hali kifungwe kwenye toggled.

Ila usishirikishe kwa nguvu. Chapisha ya kwenye menyu, yenye nukta tatu mwishoni, kwa kawaida hufungua kidirisha cha kuchagua kurasa na printa. Kitufe cha upau katika baadhi ya programu huchapisha papo hapo. Hivyo ni vitendo viwili hata kama ikoni ni moja. Vitenge, vyote viite methodi moja ya kuchapisha, na sasishaVitendo ivizime pamoja printa inapokosekana.