Hofu ya fungu la mchanga

«Shangazi, nina miaka 36, ninaishi Morogoro na nina binti wa miaka 8. Nilipokuwa na miaka 9 tulikwenda Pangani kwa baba mdogo, likizo ya Desemba. Siku moja yeye na baba walitupeleka watoto watano kisiwani Maziwe. Mwenye mashua akatuacha pale, akaenda kuvua, akachelewa. Maji yakapanda hadi mchanga wote ukatoweka, tukawa tumesimama baharini, mimi nikiwa mabegani mwa baba, mpaka mashua iliporudi. Njiani baba akasema, "Mama yenu asijue." Hatukulizungumza tena. Mume wangu anataka twende Pangani Desemba hii. Mwaka jana nilikwepa kwa kusingizia malaria. Je, nina haki ya kumkataza mwanangu asiende?»

Mwanangu, barua yako nimeifupisha, lakini ipo sentensi uliyoiandika kwa kupita tu ambayo nimeirudia mara tatu: kwamba usiku wa kuamkia safari ile mlicheza kombolela uani hadi saa nne, kwa sababu mbalamwezi ilikuwa kama mchana. Basi siku ile ilikuwa bamvua. Sisi tuliokulia pwani tulifundishwa mapema kwamba mwezi ukiwa mpevu, na vilevile unapoandama, bahari hupwa sana na kujaa sana, na kwamba katika siku hizo maji huwa yametoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha hufika juu kabisa mnamo saa kumi alasiri, yakiwa yamepanda zaidi ya mita 3. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huyaoni, ila saa ya tatu na ya nne yanakuja kwa kasi, na hapo ndipo mtu wa bara anaposhtuka. Maziwe yenyewe zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Bahari ikakila, miti ikaisha, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji makubwa hulifunika. Mlilikuta pana asubuhi kwa sababu ileile iliyolizamisha alasiri.

Ninakueleza haya kwa urefu kwa kuwa hakuna aliyekueleza ulipokuwa na miaka 9. Uliondoka pale ukiamini kwamba nchi kavu inaweza kuzama chini ya miguu ya watu bila sababu yoyote, na kwamba baba, aliyekuwa akijua kila kitu, hakujua. Kisha ukaamrishwa kunyamaza. Kwa maoni yangu, kosa la kupotea saa za maji linasameheka, maana hata wenyeji huteleza. Lile neno la njiani ndilo lililokaa nawe miaka 27. Mtoto aliyenusurika huhitaji kulia mbele ya mama yake, apewe uji, aulizwe aliona nini. Wewe ulibadilishwa nguo zilizolowa na kuambiwa ukale.

Umeniarifu kwamba baba yako yu hai, ana miaka 71. Nenda kamwone kabla ya Desemba. Usiende na mashtaka, kwani si desturi yetu mtoto kumweka baba kizimbani, wala hutapata chochote kwa njia hiyo. Anza na mabega yake. Mwambie unakumbuka alivyokushika vifundo vya miguu hadi vikauma, halafu muulize yeye maji yalikuwa yamemfika wapi. Huenda akageuza maneno na kukuuliza habari za mvua. Mwache, lala hapo, umuulize tena asubuhi mkinywa chai. Nashuku kwamba naye amekuwa akiisubiri habari hiyo kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Ama kuhusu binti yako, hukumsimulia lolote, na bado alikuuliza kama bahari inakula watu. Ameisoma hofu yako mkononi mwako, unavyomkaza vidole kila mkipita karibu na bwawa. Kwa hiyo jibu langu ni hili: safari ya mashua isiyo na majaketi ya kuokolea, au ya nahodha anayeshusha watu funguni kisha akaenda zake, una haki ya kuikataza, na hata mumeo akinuna usilegee. Likizo nzima huna haki ya kuikataza. Chagueni siku za maji mafu, bahari isipopwa wala kujaa sana, juma moja hivi baada ya mwezi mpevu au mwandamo, na kabla ya kulipa chochote muulizeni nahodha maji yanajaa saa ngapi. Asipojibu papo hapo, tafuteni mwingine. Wewe si lazima ufike Maziwe mwaka huu. Kaa ufukweni na binti yako, mchomeke kijiti mchangani maji yanapoanza kujaa, mhesabu dakika hadi yakifikie, kisha mchomeke kingine juu zaidi. Na ikiwa hata kwa kuandika barua hii moyo ulikwenda mbio na usingizi ukakuruka, nenda hospitali ya mkoa uulize mshauri wa afya ya akili, kwa kuwa hofu ya namna hiyo inatibika.

Jambo la mwisho ni ile malaria ya mwaka jana. Mwambie mumeo ukweli wiki hii hii, kabla hajakununulia chandarua kingine.