Mfumuko wa bei umeshuka, mbona mafuta ya kula hayajashuka?

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo: kama mfumuko wa bei ni asilimia 3, mbona sokoni hali ni ile ile? Na vijiwe vimejaa vijana, hiyo asilimia ndogo ya wasio na ajira wanaitoa wapi? Mimi si mchumi, ni dereva wa watalii Arusha, ila yote mawili yameshanipitia.

Tuanze na bei. Ukitoka Makuyuni kwenda Karatu, barabara ikiwa tupu unakimbiza 80. Ukikaribia Mto wa Mbu unajua jamaa wa tochi wapo, unashuka hadi 50. Hapo hujarudi Makuyuni, bado unasonga mbele. Mfumuko wa bei ni ule mshale wa spidi. Bei yenyewe ni kilometa ulizokwishatembea.

Chukua lita ya mafuta ya 4,000. Ikipanda asilimia 50 inakuwa 6,000. Mwakani ikipanda asilimia 3 tu, ni 6,180. Redioni watasema mfumuko umeporomoka, na hawajadanganya, ila wewe dukani unatoa 6,180. Ndicho kilichotukuta 2022: vita ya Ukraine ilianza Februari, kisha mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia mawese yasiuzwe nje kwa wiki kama tatu. Halafu ile asilimia ni wastani wa kapu zima, nauli na kodi ya nyumba zimo, kwa hiyo ambaye nusu ya kipato inaishia jikoni anaumia kivyake. (Wa umri wangu wanakumbuka Desemba 2011, mfumuko uligonga asilimia 19.8. Asilimia 3 si haba.)

Ajira sasa. Machi 2020 wageni wakaanza kufuta safari, Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Tajiri akatukusanya uani, akasema tuache funguo mezani. Watalii nchi nzima walitoka zaidi ya 1,500,000 mwaka 2019 wakabaki kama 620,000. Nikaanza kutembeza mayai ya kuchemsha stendi: trei moja kwenye ndoo, kachumbari kwenye kopo, chumvi na pilipili kwenye kikaratasi. Siku mbaya yaliyobaki ndiyo yalikuwa chakula cha usiku na wanangu.

Kwa kipimo cha kimataifa, ukifanya kazi ya kukuingizia chochote hata saa moja ndani ya siku 7, wewe una ajira. Mimi na ndoo yangu nilikuwa na ajira! Binamu yangu, mpishi wa kambi za mahema, alikata tamaa, akaacha hata kuulizia kazi, akakaa kwao Usa River. Naye hahesabiwi kuwa hana ajira, maana asiyetafuta anawekwa nje ya nguvu kazi, yaani kundi la wenye kazi na wanaoitafuta. Kipimo chetu cha kitaifa kimelegezwa ili kiwaguse watu kama yeye, kwa hiyo ukikuta takwimu mbili zinagongana, uliza kwanza zimetumia kipimo gani.

Na nyie mnaoomba bei zirudi chini, mimi niliziona zikirudi, mwaka huo huo wa 2020. Mwenye nyumba wangu alipunguza kodi bila kuombwa, maana vyumba viwili vya jirani vilishahamwa. Madereva hatuna safari, fundi gereji hana gari la kutengeneza, mama ntilie hana fundi wa kumlisha. Kila aliyebana matumizi alikuwa anakata kipato cha mwenzake. Land Cruiser za safari, zile za paa la kufunguka, zilipangwa kando ya barabara zikiwa na karatasi ya "inauzwa" kiooni. Niliyokuwa naiendesha iliondoka kwa bei ya kutupa. Mnunuzi aling'oa viti vya watalii pale pale uani, akaiwasha kuelekea Mang'ola kubebea vitunguu.