Unaanza kusoma historia ya majimbo ya uchaguzi ya Uingereza? Chukua Smethwick, ila usianzie 1964

Wadogo zangu mliopewa kazi ya kuandika kuhusu majimbo ya zamani ya bunge la Uingereza, na nyie wengine mnaosoma kwa kupenda tu, maswali yenu huwa yale yale, nianzie wapi, nichague jimbo gani, mbona kila nikitafuta naletewa orodha ya majina ya wabunge na miaka basi. Nimeshinda na haya mambo muda mrefu, na kila mgeni anayeniuliza namwelekeza jimbo moja, Smethwick. Ni mji wa viwanda unaopakana na Birmingham kwa upande wa magharibi, mji wa vyuma na vioo, ndiko walikotengeneza vioo vya lile jumba kubwa la maonyesho la London la 1851, na ndiko ilikokuwa Soho Foundry, kiwanda cha injini za mvuke cha akina Boulton na Watt, ambayo baadaye ikawa kiwanda cha mizani ya Avery. Jimbo lake lilidumu 1918 mpaka 1974, miaka 56 tu, lakini ukilisoma vizuri umeshapata karibu kila kitu unachotakiwa kujua kuhusu namna ya kusoma jimbo lingine lolote.

Shida ni kwamba ukiandika hilo jina mtandaoni unaletewa uchaguzi wa 1964 na ubaguzi wa rangi. Wengi wanaishia hapo hapo, wananakili ile stori, wanakabidhi kazi. Msifanye hivyo jamani. 1964 ni muhimu sana na nitaifikia, ila anza na jimbo lenyewe, lilizaliwaje, lilikuwa na nani ndani yake, lilikufaje.

Kuzaliwa kwake ni ile sheria ya uchaguzi ya 1918, mwisho wa vita kuu ya kwanza. Sheria ile ilifanya mambo mawili kwa mpigo na wageni wengi wanaona moja tu. La kwanza ni kupanua haki ya kura, wanaume wote kuanzia miaka 21 na wanawake kuanzia miaka 30 wenye masharti fulani ya nyumba au mali. La pili ni kuchora upya ramani ya majimbo karibu nchi nzima, na hapo ndo Smethwick ikakatwa kutoka jimbo la Handsworth ikawa na mbunge wake. Kwa hiyo ukikuta mtu analinganisha kura za 1910 za Handsworth na za 1918 za Smethwick kama vile ni watu wale wale, achana na hiyo hesabu, mipaka imebadilika na wapigakura wenyewe wamebadilika. Kabla hujalinganisha namba yoyote hakikisha mipaka ni ile ile. Sheria hii ifanyieni kazi kwa jimbo lolote mtakalochukua.

Na hapo kuna mtego wa jina. Jimbo lilifutwa kwenye uchaguzi wa Februari 1974, eneo lake likaingia Warley East. Halafu 2024 mipaka ikachorwa tena na jina Smethwick likarudi, na mbunge wa sasa Gurinder Singh Josan wa Labour, kile chama cha wafanyakazi, kachaguliwa mwaka huo. Ni jimbo jipya lenye jina la zamani. Kwa hiyo kwenye kazi yako andika miaka kila mara, Smethwick ya 1918 hadi 1974, msomaji asichanganyikiwe.

Uchaguzi wa kwanza tu pale ungetosha kuandikia kazi nzima. Desemba 1918 ndo mara ya kwanza wanawake wanaruhusiwa kugombea ubunge Uingereza, sheria ya kuwaruhusu ilipita Novemba, wiki chache kabla ya kura. Wakajitokeza 17 nchi nzima. Smethwick aligombea Christabel Pankhurst, yule kiongozi wa wanawake waliopigania kura, kwa chama chake cha wanawake, akiungwa mkono na serikali ya waziri mkuu Lloyd George, dhidi ya John Davison wa Labour, mtu wa vyama vya wafanyakazi wa viwanda vya vyuma. Pankhurst akashindwa kwa kura 775. Sasa jiulize kwa nini nawaambia hili lina uzito: kati ya wale wanawake 17 alishinda mmoja tu, Constance Markievicz wa Dublin, na yeye alikuwa wa Sinn Féin, chama cha waliotaka Ireland ijitenge na Uingereza, hakwenda kukaa bungeni Westminster. Maana yake wapiga kura wa Smethwick walikuwa karibu kabisa kumpeleka bungeni mwanamke wa kwanza, wakachagua mtu wa kiwandani. Kwenye mji ule chama cha wafanyakazi kilikuwa na nguvu kuliko umaarufu, na hiyo nguvu ndo utaifuata miaka 46 mbele.

Davison akajiuzulu 1926 kwa afya, ukaitishwa uchaguzi mdogo Desemba, akashinda Oswald Mosley. Ndiyo, huyo huyo Mosley aliyekuja kuongoza mafashisti wa Uingereza, ila wakati ule ni mtu wa Labour, na wakamchagua tena 1929. Hapa nawaomba sana msisome historia kwa kurudi nyuma. Nimeona watu wanaandika kwamba Smethwick ilikuwa na mbegu za ufashisti tangu enzi za Mosley na ndo maana 1964 ikawa vile. Hamna ushahidi. Chama cha mafashisti alikianzisha 1932, akiwa hayupo tena Smethwick, maana 1931 aligombea Stoke na chama chake kingine akashindwa. Watu wa Smethwick walimpigia mgombea wa Labour aliyekuwa anapigia kelele ukosefu wa ajira. Matukio mawili kutokea sehemu moja si sababu ya kusema moja limezaa lingine.

1945 nayo ina jambo la kusikitisha, Alfred Dobbs wa Labour alitangazwa mshindi tarehe 26 Julai na kesho yake akafa kwa ajali ya gari. Oktoba ukafanyika uchaguzi mdogo akaingia Patrick Gordon Walker, naye wa Labour, na huyu ndo tutakaa naye.

Sisi Waafrika Gordon Walker tunatakiwa kumjua, na cha ajabu kazi nyingi kuhusu Smethwick hazimgusi upande huo. 1950 akiwa waziri wa mambo ya Jumuiya ya Madola ndiye aliyetangaza kwamba Seretse Khama asirudi kwao Bechuanaland, Botswana ya leo, kwa sababu kaoa mwanamke wa Kiingereza, Ruth Williams, na serikali za wazungu kusini mwa Afrika zimekasirika. Halafu huyo huyo, chama chake kikiwa upinzani, akasimama bungeni kupinga sheria ya kuzuia wahamiaji kutoka Jumuiya ya Madola, ile iliyopita 1962. Na 1964 akaondolewa na kampeni ya chuki dhidi ya wahamiaji. Msimfanye shujaa wala msimfanye shetani, wekeni yote matatu mezani.

Haya, 1964 sasa. Labour inarudi madarakani nchi nzima chini ya Harold Wilson, Gordon Walker ndiye aliyeandaliwa kuwa waziri wa mambo ya nje, na kwenye jimbo lake anaangushwa na Peter Griffiths wa Conservative (wahafidhina), diwani na mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kampeni ilikuwa juu ya Wahindi, hasa Masingasinga wa Punjab waliokuja kufanya kazi kwenye matanuri ya vyuma, na watu wa Karibiani, huku nyumba za halmashauri zikiwa chache na foleni ndefu. Kulikuwa na ile kaulimbiu chafu ya kuwatisha wazungu kwamba ukiipigia Labour utaletewa mtu mweusi awe jirani yako. Wageni wengi wanaandika kwamba aliitunga Griffiths. Msiandike hivyo. Chenye uhakika ni kwamba aligoma kuilaani, akasema ni watu wanaonyesha wanavyojisikia, na hilo peke yake ni zito vya kutosha, halihitaji kuongezewa chumvi.

Sasa chukueni kalamu tufanye hesabu maana hapa ndo penye utamu. 1959 Gordon Walker alipata 20,670, Griffiths huyo huyo alipata 17,126, tofauti 3,544. 1964 Griffiths kapata 16,690 na Gordon Walker 14,916, tofauti 1,774. Umeona? Mshindi kapata kura PUNGUFU kuliko alizopata aliposhindwa, pungufu 436. Kilichotokea ni Labour kupoteza kura 5,754. Safari hii kulikuwa na mgombea wa chama cha tatu, Liberal, ambaye 1959 hakuwepo, akachukua kama elfu 3 na ushee, na waliojitokeza kupiga kura kwa jumla walikuwa wachache kuliko 1959. Kwa hiyo ile picha ya mji mzima kukimbilia kwa Griffiths, namba haziisemi hivyo moja kwa moja. Wapo waliohama Labour kwenda kwake, wapo wa Conservative waliokwenda Liberal, wapo wa Labour waliobaki nyumbani, na jumla ya mwisho haiwezi kukutenganishia hayo makundi. Halafu tofauti ya kura za Labour pale ilikuwa inashuka kila uchaguzi tangu mwanzo wa miaka ya 50, kwa hiyo mteremko ulikuwepo kabla. Lakini pia msije mkasema ubaguzi haukuwa na kazi, kwa sababu wakati nchi nzima inaelekea Labour kwa asilimia 3 hivi, Smethwick ilielekea Conservative kwa asilimia 7.2, na hiyo tofauti inahitaji maelezo ya pale pale. Hesabu yake ni rahisi, unachukua asilimia alizoongeza mmoja unajumlisha na alizopoteza mwenzake unagawa kwa 2. Fanya mwenyewe kwa mkono, usichukue ya mtu.

Kingine, tenganisheni jimbo na halmashauri. Kulikuwa na mpango wa kununua nyumba za mtaa mmoja wa pale, Marshall Street, ili ziuzwe au zipangishwe kwa wazungu tu, na ulikuwa wa halmashauri ya mji, si wa mbunge kama mbunge, na aliyeukwamisha ni waziri wa nyumba Richard Crossman aliyekataa kutoa idhini ya mkopo. Baa nyingi za mji zilikuwa na vyumba ambavyo mtu asiye mzungu hahudumiwi, na hata klabu ya Labour yenyewe ilikuwa na ubaguzi huo, jambo ambalo mashabiki wa Labour wanapenda kuliruka. Malcolm X, yule mpigania haki za watu weusi wa Marekani, alikwenda pale tarehe 12 Februari 1965, akatembea Marshall Street, akaingia baa ya Blue Gates na Avtar Singh Jouhl wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, siku 9 kabla ya kuuawa New York. Ni miezi karibu minne baada ya uchaguzi, kwa hiyo usimweke kwenye sababu za matokeo, mweke kwenye yaliyofuata, pamoja na sheria ya 1965 iliyokataza kubagua watu kwenye sehemu kama baa na mahoteli. Nyumba na ajira hazikuguswa mpaka sheria ya 1968.

Ulizeni pia nani alikuwa na haki ya kura. Hawa Wahindi na Wajamaika hawakuwa wageni wa kusubiri uraia, raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anapiga kura ya ubunge, na mpaka leo Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi kule anaweza kujiandikisha. Kwa hiyo usiandike kana kwamba walikuwa watazamaji tu. Walikuwa wapiga kura, walikuwa na chama chao, waligoma, waliandamana.

Griffiths hakudumu. 1966 akaangushwa na Andrew Faulds wa Labour, mwigizaji mwenye sauti nzito, na hapa Watanzania mtafurahi, maana Faulds alizaliwa 1923 Isoko, kule Ileje, enzi za Tanganyika, wazazi wake wakiwa wamisionari. Alikaa na jimbo mpaka likafutwa, akaendelea na Warley East hadi 1997. Kwa nini hajaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili sijui, mwenye nafasi alichukue hilo, ni mada iliyo wazi kabisa.

Kuhusu vyanzo, hotuba za bunge za zamani zipo mtandaoni bure, tafuta ya Novemba 3, 1964 usome mwenyewe Wilson anavyomwita Griffiths mkoma wa bunge na wabunge wa upande wa pili wanavyowaka, usisome kwa muhtasari wa mtu. Magazeti ya wakati ule yasome yote mawili, la London na la mjini pale, maana la London linakuja wiki ya uchaguzi tu, la mjini lipo pale muda wote na ndani yake kuna barua za wasomaji miaka mitatu minne kabla.

Halafu ukimaliza Smethwick usiiache peke yake, linganisha. Uchaguzi huo huo wa 1964 jimbo la Eton and Slough, ambalo nalo limeshafutwa, lilimwondoa Fenner Brockway wa Labour kwa kura 11 tu, mtu aliyetetea uhuru wa makoloni, Kenya ikiwemo, na aliyepeleka bungeni muswada wa kupinga ubaguzi wa rangi mara kwa mara. Wahamiaji walikuwepo, viwanda vilikuwepo, chama ni kile kile, lakini matokeo yake hayana jina kama la Smethwick. Chukueni namba za 1959 na 1964 za majimbo yote mawili, wekeni sambamba kwenye karatasi moja, pigeni hesabu ya kura zilizohama, ndo muanze kuandika aya ya kwanza.