Wadogo zangu mnaosomea utabibu, kinachowaelemea si vitabu peke yake

Nilisomea utabibu hapa Mtwara, na siku hizi nawasimamia wanafunzi wanaokuja wodini kwa mafunzo ya vitendo. Anayeonekana kuzidiwa na msongo wa mawazo huambiwa aongeze bidii ya kusoma. Masomo ni mazito kweli, kwani stashahada ya miaka 3 imebeba mengi na hofu ya kurudia mtihani haipumziki, lakini ninaowaona wakivunjika huwa wamebeba mambo mengine.

La kwanza ni ada. Huku kusini wazazi wengi hutegemea korosho, na minada hufunguliwa Oktoba, wakati uleule ambao vyuo vinadai malipo. Mzigo umekwisha kupelekwa chama cha msingi cha ushirika kinachouuza mnadani, fedha hazijaingia, na kijana anakesha na kitabu wazi asiingize kitu, akiwaza kama ataruhusiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani. Usisubiri kuitwa. Nenda mapema kwa mhasibu wa chuo ukiwa na nakala ya stakabadhi ya korosho alizopeleka mzazi, uombe kwa maandishi kulipa kwa awamu; mimi nilikubaliwa hivyo, na usingizi ulirudi.

La pili ni kifo, nalo halizungumzwi kabisa. Mtoto aliyeletwa na malaria kali anafariki, kanula, kile kirija cha dripu, bado iko mkononi, mama yake anakutazama wewe mwenye koti jeupe, kisha raundi inasogea kitanda kinachofuata. Mimi niliokolewa na muuguzi mmoja mtu mzima, aliyenikalisha jioni ileile na kunitaka nisimulie tangu mgonjwa alipopokelewa, halafu akanionyesha hatua kwa hatua yaliyokuwa nje ya uwezo wetu. Mtafuteni mtu kama huyo kabla hamjamhitaji.

Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa na jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) au dalili zake, na kati ya waliobainika, asilimia 15.7 tu ndio waliotafuta matibabu. Wengi huona aibu kupanga foleni mbele ya walimu wao. Basi, ukikosa usingizi wiki 2 mfululizo, chakula kikakushinda, nenda ukaonwe. Likikujia wazo la kujidhuru, nenda siku hiyohiyo hospitali iliyo karibu. Kama kinachokuzuia ni macho ya wenzako, wa Mtwara anaweza kutibiwa Lindi, na wa Lindi akaja kwetu.