Dawa ya kuzuia kutapika itangulie dripu

Barua za wiki hii nyingi ni za wazazi wenye watoto wanaotibiwa saratani, wale wanaopanda na kushuka kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, mzunguko baada ya mzunguko. Nimejibu zilizonigusa.

Shikamoo sista. Mwanangu ana miaka 6, akichomwa kemo, dawa ya saratani, anatapika usiku kucha. Nimnunulie dawa gani? (Mama, Ngaramtoni)

Marahaba. Swali hili linanifikia kila mwezi, na karibu kila mara mwandishi hataji dawa ya saratani anayopewa mtoto wala uzito wake. Nitakujibuje? Dawa hizi hazifanani. Sisplatini isipotanguliwa na dawa ya kuzuia kutapika humtapisha karibu kila mtoto. Vinkristini ikitolewa peke yake ni nadra kutapisha. Andikeni majina ya dawa kwenye daftari la mtoto.

La kununua dukani silijui, ila la kuuliza wodini ninalo. Dawa ya saratani ikigusa utumbo, utumbo humwaga kitu kiitwacho serotonini, nacho huamsha mishipa inayopeleka habari kwenye ubongo: tapika. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, huizuia habari hiyo isipokelewe. Kwa hiyo hutolewa mapema, kama nusu saa kabla ya dripu kufunguliwa. Ukisubiri beseni lijae umechelewa, na utahangaika naye hadi alfajiri. Kabla nesi hajafungua dripu, uliza kwa adabu: "Ameshapewa ya kuzuia kutapika?" Si kumfundisha kazi. Ni haki ya mtoto.

Tena usiondoke bila kuuliza ya nyumbani. Kuna kutapika kunakoanza baada ya saa 24, na kwa sisplatini kunaweza kuendelea siku kadhaa, wakati ninyi mmesharudi zenu Ngaramtoni.

Jirani anasema kutapika ni sumu inatoka, tukizuia ugonjwa utarudi. (Baba, Usa River)

Hapana. Dawa imepita kwenye mshipa, haiko tumboni. Mtoto asiyetapika anatibiwa sawasawa na anayetapika, tena yeye anakula na kulala. Maneno haya yananiuma kwa sababu nimeona familia zikikatisha matibabu katikati, si kwa kushindwa na saratani, bali kwa kushindwa kumtazama mtoto akiteseka na kichefuchefu ambacho kingeweza kuzuiwa.

Tulimpa binti wa miaka 4 Plasil ya duka la dawa. Shingo ikapinda, macho yakageuka juu. Bibi yake anasema ni mapepo. (Mama, Sakina)

Si mapepo, mama, na bibi umweleze kwa upole. Hiyo Plasil ni dawa ya kutapika iitwayo metoklopramidi, na watoto huathirika nayo hivyo kuliko watu wazima. Ikitokea tena mkimbize hospitali na pakiti ya dawa mkononi. Ipo sindano ya kulegeza misuli hiyo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikataza metoklopramidi isipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka 1, na kwa watoto wakubwa zaidi iwe chaguo la pili. Promethazini, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, nayo asipewe aliye chini ya miaka 2, inaweza kumzuia kupumua. Mtoto wa kemo haandikiwi dawa na muuza duka.

Siku ya dripu nampikia mtori, chakula anachokipenda kuliko vyote. Sasa hataki hata harufu yake. (Mama, Kibosho)

Umefanya kwa upendo, lakini siku hukuichagua vizuri. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Ilene Bernstein, aliwapa watoto aiskrimu yenye ladha ngeni kabla ya kemo. Baadaye wengi waliikataa. Mwili huunganisha ladha na kichefuchefu kilichofuata, hata kama chakula hakina kosa.

Basi siku ya dripu mpe asichokijali: biskuti kavu, kiazi cha kuchemsha, uji mwepesi uliopoa. Kidogo kidogo, wala usimlazimishe. Vitunguu vikaangwe mbali naye. Mtori uweke kwa siku za ahueni. Ukiuacha mwezi mmoja au miwili huenda akaurudia.

Tukifika Boma Ng'ombe tu anaanza kutapika, hospitali bado. Anaigiza? (Baba, Arusha)

Haigizi, na usimgombeze. Mwili umekumbuka mizunguko iliyopita na unatangulia kujibu. Mwambie daktari kabla ya mzunguko ujao ili kinga ya kutapika iongezwe. Njiani akae dirishani, mpigishe hadithi. Hali hii huwapata zaidi waliotapika sana mwanzoni, ndiyo maana napigania kinga ya siku ya kwanza.

Tangawizi je? (Dada, Himo)

Kidogo kwenye chai, baada ya kumuuliza daktari wake. Dawa za mizizi za kwenye chupa, hapana.

Matapishi nayafua na nguo nyingine? (Mama mjamzito, Marangu)

Mwachie mtu mwingine ayashike, mama. Kwa saa 48 baada ya kemo matapishi na mkojo vina mabaki ya dawa: avae glavu, nguo zifuliwe peke yake. Na mtoto akifikisha joto la 38, akitapika damu, asipokojoa tangu asubuhi, au akiamka na kichwa kinachouma na kutapika, msingoje kuche. Pigeni simu wodini mkiwa njiani.