Anti, biti yangu inameza maneno

SWALI: Shikamoo anti. Mimi na wenzangu wawili tunaandaa onyesho la kama dakika 20 hivi, linahusu maisha ya mwanamke mweusi, huku kwetu na kule Marekani, mambo ya nywele, kazi, kunyamazishwa. Mimi ndo nimepewa upande wa sauti. Nimetengeneza biti kwenye laptopu, ngoma kibao, ila kila tukifanya mazoezi wanaotuangalia wanatikisa vichwa tu, hakuna anayesikia dada anasema nini. Nifanyeje? – Msomaji, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu. Zima laptopu kwanza, umwangalie huyo dada anafanya nini na mikono yake. Kama anatwanga, tafuteni kinu kabisa, wawili wapokezane michi mpaka wazoeane, halafu wa tatu achomekee pigo lake katikati, hapo utasikia mdundo umebadilika wenyewe bila wewe kuongeza kitu. Rekodi kwa simu, iweke karibu, na zile pumzi zao usizifute jamani, maana uchovu wa mwanamke uko kwenye pumzi. Ukitaka tuone kachoka, mchi mmoja uache kupiga, pengo libaki hivyohivyo usilizibe.

Kipande cha Marekani mimi ngoma ningetoa kabisa. Kule South Carolina watumwa waliasi mwaka 1739 pale Stono, na sheria ya 1740 ikawakataza ngoma, na weusi wa kule wakawa na mapigo ya viganja, mapaja, kifua na miguu. Sasa ukijaza ngoma za ngozi hapo unakuwa umeifuta historia yenyewe unayotaka kuisimulia, tumia makofi na nyayo kwenye mbao.

Ngoma zako zisubiri mkirudi huku, maana huku wanawake wana zao. Vugo, ile ngoma ya harusi ya pwani, wanapiga wanawake kwa pembe, muheme wa Wagogo ni wanawake wanaupiga, na Bi Kidude kapiga ngoma za unyago mpaka uzeeni. Watu wakitoka kwenye makofi matupu wakakutana na hizo, watasikia tofauti bila kuelezwa. Kwa mapigo ya muheme nenda TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mbona iko hapohapo kwenu, wanafundisha ngoma tangu 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa.

Ila unyago, naomba sana, usirekodi kwa kujificha. Kuna nyimbo za mle ndani haziimbwi mbele ya wanaume, na onyesho lenu wanaume watakuja. Nenda kwa kungwi, mweleze mnachofanya, akikupa pigo bila maneno shukuru, akikataa acha, tungeni lenu.

Kunyamazishwa sasa, hapo usiweke sauti yoyote, hata mziki wa chinichini, watu wakikohoa waache wakohoe.

Laptopu utairudia mwishoni kabisa, kupanga tu na kusawazisha, na kila dada anapofungua mdomo besi ishuke, mapigo yaje anapovuta pumzi.