Nyukliosaidi na nyukliotaidi, angalia fosfeti

Umeuliza nyukliosaidi na nyukliotaidi zinatofautiana wapi, jibu ni fosfeti tu (kikundi cha atomi za fosforasi na oksijeni). Nyukliosaidi ni besi (molekuli yenye nitrojeni, kama zile herufi za DNA) imeshikana na sukari basi, mfano besi ya adenini ikikaa kwenye sukari ya ribosi unapata adenosini, sasa ukiipachika fosfeti moja mpaka tatu ndo inakuwa nyukliotaidi, yaani AMP (fosfeti moja), ADP (mbili) na ATP (tatu), na DNA yenyewe imejengwa na nyukliotaidi. Utamu wake uko kwenye ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU: dawa ya lamivudini inaiga nyukliosaidi kwa hiyo seli inabidi iiongezee fosfeti 3 ndo ianze kuzuia virusi, ila dawa nyingine, tenofoviri, inakuja tayari na fosfonati (kikundi kinachofanana na fosfeti) inayokaa badala ya fosfeti ya kwanza, zinabaki fosfeti 2 za kuongezwa na seli. Na zote mbili zimo kwenye kidonge kimoja cha TLD (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri) wanachomeza watu wengi sana huku kwetu!